Pointi Kumi za Shemeji

Chaki ilikuwa mkononi mwa Ayoubu, na watu walijaa klabu hadi mlangoni wakingoja kujua shemeji yake atapewa pointi ngapi. Skwashi yao ya kirafiki pale Kasongo ndivyo ilivyo: aliye hodari humpa mwenzake pointi za kuanzia, mchezo huishia kumi na moja, na kilichoandikwa ukutani hakifutwi.

Shemeji ndiye aliyekuwa bingwa wao, kabla pikipiki haijamvunja mguu njia ya Kabambare. Leo ndiyo kwanza anarudi. Pale mlangoni alikuwa amemnong'oneza Ayoubu, "Usinipatie kitu, shemeji. Tucheze tu."

Lakini watu walikuwa wengi, na Ayoubu hajawahi kuwanyima watu kicheko. Akaandika kumi.

"Kumi! Si umupatie na kiti!" mmoja akapiga kelele, na klabu nzima ikaangua kicheko.

Shemeji hakucheka. Ayoubu akaanzisha mpira; ukagonga ukuta, ukarudi, ukapita karibu kabisa na lile goti lenye kovu. Shemeji hakuinua raketi; pointi ikawa ya Ayoubu. Wa pili vilevile. Wa tatu. Kufikia wa tano hakuna aliyecheka tena.

"Basi, shemeji," Ayoubu akasema chini kwa chini. "Nimekukosea."

"Piga tu. Iko ingine tano."

Akapiga. Pointi zilipotimia kumi kwa kumi, shemeji akauvuta mguu mbovu mbele, akainua raketi.

"Haya, sasa cheza."

Ayoubu aliushika mpira, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akatamani watu wote waende kwao.