Jedwali la Matusi

Msimamizi alizipanga saa za matusi kwenye karatasi ileile ya mistari aliyozoea kupimia miti inavyoanguka. Safu ya kwanza siku, ya pili saa, ya tatu maneno. Meseji ishirini na tatu kwa wiki kumi, zote kwenye simu ya binti yake. "Hakuna anayekutaka" ilijirudia mara sita. "Hata ukipotea hakuna atakayejua", mara nne. Hakupigia mstari hata neno moja. Kupigia mstari ni kazi ya hisia, na yeye alikuwa mtu wa tarakimu.

Kambini walimwita Bwana Dakika. Alisimama kando ya mkata miti na saa ya kubonyeza mkononi, akiandika: msumeno kuwaka, mti kuanguka, matawi kuondolewa, trekta kuvuta gogo hadi uwanjani.

"Bosi, hata chooni utatufuata na hiyo saa?" walimtania.

Hakucheka. Lakini gogo lililokuwa likichukua dakika arobaini na saba sasa lilichukua thelathini na moja, bila kuongezwa mtu wala mashine. Alitazama tu wapi muda unapotea, akapaziba.

Upotevu mkubwa kuliko wote aliukuta kwake mwenyewe. Kurudi nyumbani kila Jumamosi kulikula siku moja na nusu barabarani. Tangu mwezi wa kwanza akawa anarudi mara moja kwa wiki tatu. Mwezi huohuo shangazi mtu, aliyekuwa akikaa na binti, aliolewa akahama. Binti alibaki na ufunguo wake na jirani wa kumgongea mlango asubuhi. Miaka kumi na minne si mtoto mdogo. Mama yake alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, na hilo halikuwa na safu kwenye karatasi yoyote.

Meseji zilianza wiki mbili baadaye, kutoka akaunti isiyo na jina wala picha.

Shule ilikuwa na utaratibu wake, na msimamizi aliuheshimu kwa sababu ulifanana na wa kwake. Mwanafunzi akitukanwa mtandaoni, meseji zinahifadhiwa pamoja na saa zake. Mzazi anaitwa afike mwenyewe. Ndugu hapokelewi, wala barua. Kisha mwanafunzi anakwenda kukaa nyumbani na mzazi wake siku tatu.

Alikuwa ameitwa mara mbili. Mara zote mbili aliteremka na lori la magogo, utomvu ukiwa umegandia kwenye suruali. Siku tatu hizo alizihesabu kuwa hasara, ingawa binti alikula vizuri na kuongea mpaka akamchosha.

"Baba, hebu nipime na mimi. Kuosha vyombo, dakika ngapi?"

Alibonyeza saa. "Kumi na mbili. Polepole mno."

"Basi narudia," akasema, akaanza kuchafua vikombe upya.

Leo ilikuwa mara ya tatu, na safari hii bodi ingekaa saa sita kamili kumfukuza mtu. Mshukiwa alikuwa msichana wa dawati la nyuma, mdomo wake haufungiki, darasa zima linamwita Redio. Mama yake Redio alikuwa kwenye benchi la nje, amejifunika uso kwa mtandio.

Binti alimwona baba yake kutoka mwisho wa korido, akaja karibu anakimbia.

"Shikamoo, baba. Tunaondoka sasa hivi?"

"Marahaba, mama. Bodi kwanza."

"Mimi sitaki Redio afukuzwe."

"Anakutukana hivi, halafu unamtetea?"

Binti alitazama viatu vyake. "Si mbaya kiivyo," akasema.

Msimamizi alimwacha hapo akaingia kwa mwalimu wa ushauri nasaha, akaifungua karatasi yake juu ya meza.

"Tazama, Mwalimu. Nikiwa nyumbani, hakuna hata meseji moja. Nikiondoka, siku ya tatu au ya nne zinaanza. Huyu mtu ananiogopa. Mwoga tu."

Mwalimu aliisoma safu baada ya safu. Alichukua muda mrefu kuliko karatasi ilivyohitaji.

"Umelifanyia kazi vizuri, Mzazi."

"Basi afukuzwe."

"Redio hana simu. Mama yake aliifungia kabatini tangu wiki ya tatu."

"Ataazima. Siku hizi simu zimejaa kila mfuko."

"Ndivyo tulivyodhani na sisi." Mwalimu alivuta droo, akatoa karatasi iliyopigwa muhuri. "Tukawaomba watu wa mtandao watusaidie. Wamejibu asubuhi hii, ndiyo maana nilitaka nikuone kabla bodi haijakaa. Meseji zote ishirini na tatu zimepitia laini moja."

"Ya nani?"

Msimamizi alikuwa amekwisha kutoa kalamu. Ilibaki nafasi moja tu tupu kwenye jedwali lake, ya jina la mtumaji, na alitaka kuijaza.

Mwalimu alimgeuzia karatasi na kuweka kidole chini ya namba. "Unaifahamu?"

Aliisoma. Akaisoma tena, tarakimu moja moja, kutoka mwisho kwenda mwanzo.

"Ni ya kile kisanduku cha intaneti," akasema. "Nilikifunga mimi mwenyewe sebuleni, binti awe anasomea."

"Na pale nyumbani mnaishi wangapi, Mzazi?"

"Wawili."

Kisha, kwa kuwa hakuzoea kutoa hesabu isiyo sahihi, akarekebisha: "Nikiwa msituni, mmoja."