Dakika za Nyongeza

Kudra akiingia uwanjani, sisi mashabiki wake tunamwazima nguvu za miili yetu, shingoni kwenda chini, mpaka mechi iishe. Ndiyo maana kinda yule hakamatiki.

Siku za mechi mama mkwe hutushikia mtoto. Leo amesafiri. Tulimlaza mtoto mkekani, tukaketi mbele ya runinga, maharage yakiendelea kuchemka kwenye jiko la mkaa.

Dakika ya tisini Kudra akawapita mabeki wanne, akasawazisha. Mume wangu Shomvi akalia kwa furaha. Refa akaongeza nusu saa.

Mtoto akaamka, akaanza kutambaa kuelekea jikoni. Nikawaita majirani. Nao walikuwa wameketi kama sisi, hawawezi kuinuka.

“Shomvi, mtoto anaufuata moto.”

“Subiri kwanza,” akasema. “Kudra ana mpira.”