Ukurasa wa Themanini na Nane

Mwanafunzi alifunua ukurasa wa themanini na saba, akafunua tena, akajikuta kwenye wa tisini. Karatasi mbili zilikuwa zimeungana ukingoni, na ule wa themanini na nane umo ndani, kama barua ambayo haijafunguliwa.

"Vitabu vya zamani vilitoka kiwandani hivyo, dada," mkutubi alimwambia, akimwekea kisu kidogo mezani. "Msomaji wa kwanza ndiye hukata."

Nukuu iliyobeba tasnifu yake yote ilitoka ukurasa huo. Alikuwa ameinakili kutoka kitabu alichoandika profesa wake, na jana profesa huyo huyo alimkaripia mbele ya wenzake: "Usitaje chanzo ambacho hujakishika kwa mkono wako!"

Alimpigia simu pale pale.

"Shikamoo, Profesa. Hiki kitabu ulikisomea wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Hapo hapo maktabani, kwani nakala nyingine iko wapi? Nilikisoma mpaka nikakichosha! Ukurasa umeupata?"

Kisu kilikuwa chepesi kuliko alivyodhani. Alikiingiza ukingoni.

"Nimeupata, Profesa. Ngoja nikusomee."