Aliyejaza Diski

Diski ya seva ya kampuni ya mabasi ilikuwa imebakiwa na asilimia moja ya nafasi. Ikijaa tu, hakuna abiria atakayekata tiketi ya basi.

Fundi alijiita Macho Kumi, kwa kuwa eti hakuna kinachompita. Alikuwa sebuleni kwa mama mkwe, kompyuta mapajani, akiikagua seva hiyo, kompyuta kuu iliyoko mji mwingine kabisa. Simu ilikuwa mezani, imewekwa spika, na bosi alikuwa akifoka.

"Nani kaijaza? Nitajie jina, namfukuza leo hii!"

"Namsaka, bosi. Hanipiti huyo."

"Mtafute karibu, baba," mama mkwe alichombeza. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Fundi alipanga mafaili kuanzia makubwa. Karibu diski nzima ilikuwa imemezwa na folda moja, na ndani yake kulikuwa na barua pepe laki tano na ushei, zinafanana kama mapacha.

Akafungua moja.

"Onyo: diski inazidi kujaa."

Ni yeye aliyeyategesha maonyo hayo mwaka jana, moja kila dakika, kila moja na picha ya hali ya diski. Kelele zilipomchosha, akayaelekeza kwenye folda ya pembeni, asiyaone tena.

"Umempata?" bosi alinguruma.

Fundi akapunguza sauti ya spika.

Mama mkwe akavaa miwani, akainama begani kwake.

"Mbona jina liko hapo chini? Ngoja nimsomee mkubwa wako." Akapaza sauti, kidole kikifuata herufi kiooni. "Onyo limetumwa kwa amri ya... Ma... cho..."