Kahawa Iliyopoa

Pumzi ilimkatika Zuleika mchana kweupe, akiwa anakata kitambaa dukani kwake Old Kampala. Moyo ukaenda mbio, vidole vikafa ganzi, mkasi ukaanguka. Daktari alikwisha kumwambia kwamba moyo wake ni mzima, ni wasiwasi tu unaompanda. Lakini kila ulipompanda, alihisi anakufa.

Akashika ukingo wa meza. Mkono ukagusa kikombe cha kahawa ya tangawizi, kile kidogo kisicho na kishikio alichorithi kwa nyanya yake. Akakishika kwa viganja viwili, akapuliza juu yake polepole, kwa pumzi ndefu, kama nyanya yake alivyokuwa akipuliza.

Habuba, yaani nyanya kwa Kinubi, ndivyo wajukuu walivyomwita. Alikuwa akikaa mkekani kwake Bombo, shuka lake likinukia udi, akipuliza kahawa hata mvuke ukiwa umekwisha. Wajukuu walimcheka. "Habuba, imepoa zamani hiyo." Alifumba macho akaendelea kupuliza mpaka mabega yakashuka, ndipo akanywa.

Kifua cha Zuleika kikaanza kulegea. Akafumba macho, akapuliza tena.

"Mama," binti yake akasema huku akiokota mkasi, kicheko kikimtoka, "si umeiacha hapo tangu asubuhi? Imepoa hiyo."

Zuleika akafumbua macho, akakitazama kikombe. Miaka yote ile, hakuna aliyewahi kumuuliza Habuba alikuwa akiogopa nini.