Kioo Juu ya Ufa

"Siondoki," alisema Bi Shaheen. "Na methali ya ufa na ukuta usiniletee, Abizer. Naijua tangu mama yako hajaolewa."

Mhandisi Abizer akafunga mdomo, maana hiyo ndiyo aliyotaka kuisema. Ufa ulianzia kwenye boriti za dari, ukashuka ukipinda kama mto kwenye ramani, ukapotelea nyuma ya kabati. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe na chokaa, kuukuu kama nyingi za Mji Mkongwe. Masika yalikuwa karibu.

"Mama," alisema Zakir, mwanawe, "chumba chako Kiembe Samaki nshakipaka rangi."

"Basi kalale wewe. Mimi nimezaliwa hapa."

Abizer akatoa mkobani kipande cha kioo, chembamba, chenye upana wa vidole viwili.

"Basi tuuache ukuta useme wenyewe," alisema. "Mawe husogea polepole, jicho halioni. Lakini kioo hakinyumbuki. Kikishikizwa kwa simenti pande zote mbili za ufa, ukuta ukisogea hata unene wa unywele, kinapasuka."

"Na kisipopasuka?"

"Basi ukuta umetulia. Nitaandika kwamba nyumba inakalika, na Zakir hatakusumbua tena."

"Na kikipasuka," alidakia Zakir, "unahama siku hiyohiyo."

"Nimekubali. Ila nakibandika mimi. Nyinyi wawili mmesoma pamoja; mtanibandikia kilichokwishapasuka."

Wakacheka. Bi Shaheen akaenda jikoni kuikoroga simenti ya Abizer, akarudi nayo kwenye kisahani cha chai, akapanda kiti na kuwapa mgongo. Aliposhuka, kioo kilikuwa kimekaa sawasawa, simenti ncha zote mbili.

Masika yakaja kwa hasira. Maji yalipita vichochoroni kama yametumwa. Usiku wa kwanza tu, Bi Shaheen alimwamuru Kazija, msaidizi wake wa nyumbani aliyeishi naye miaka na miaka, akalale kwa dada yake.

"Unakoroma, bibi wee."

"Mimi? Tangu lini?"

"Tangu mvua zianze. Nenda."

Kila asubuhi Zakir alipiga simu. "Kioo, Mama?"

"Kizima. Wewe je, mzima?"

Mvua zilipokatika, Zakir na Abizer walikuja. Bi Shaheen aliwaweka karibu na mlango, akisema hapo ndipo penye hewa. Ukuta ulikuwa mweupe pe.

"Umepaka chokaa?" aliuliza Abizer.

"Nyumba yangu haipokei wageni ikiwa chafu."

Abizer akapanda kiti. Akakitazama kioo huku na huku. Hakikuwa na hata mkwaruzo.

"Ajabu," alisema. "Nyumba ya jirani imeporomoka roshani. Hii imesimama."

"Elimu ya Mwenyezi Mungu haina chuo, mwanangu. Andika."

Akaandika. Zakir akainama, akaubusu mkono wa mama yake.

"Nisamehe, Mama. Nilihofu."

"Nshakusamehe. Na usinitajie tena Kiembe Samaki."

"Kazija harudi?"

"Kazija kapata usingizi mzuri kwa dada yake. Mwacheni."

Wakanywa chai, wakaaga. Bi Shaheen alisimama juu ya ngazi mpaka aliposikia mlango wa chini umefungwa. Akatia udhu, akasali alasiri, kisha akaomba dua yake ya siku zote: kama Mola ataichukua nyumba, basi amkute humo yeye peke yake.

Alipomaliza, akapanda kiti na kukigusa kioo kwa kidole. Ncha moja ikateleza bila taabu, pamoja na simenti yake, juu ya samli aliyoipaka ukutani siku ile ya kukibandika. Akasema bismillahi, akachota chokaa mbichi, akaanza tena kuujaza ufa, ambao sasa, chini ya ganda jembamba la chokaa, ulimeza kidole chake kizima.