Gari Juu ya Matofali

Dalali alipokuja kulichukua gari kwa sababu ya rejesho la mkopo ambalo halikulipwa kwa miezi minne, Nyamizi alikuwa ameshaliweka juu ya matofali na kuficha magurudumu uvunguni mwa kitanda. Bila gari hilo mikate yake isingefika madukani.

“Haya, livute,” alisema, huku akichambua mchele kizingitini.

Dalali alilizunguka mara moja. “Dada, unadhani wewe ni wa kwanza?”

“Mimi ni wa mwisho. Hapa hutoki nalo.”

Dalali alishusha kwenye pikapu yake jeki, spana na magurudumu manne. “Mkude wa mtaa wa pili alikuwa na gari kama lako. Alificha betri, nikaja na betri, nikalichukua. Haya ni ya gari lake.”

Yaliingia yote. Kazi ilichukua dakika ishirini.

“Na yangu?” Nyamizi aliuliza.

“Baki nayo, dada. Utaanzia hapo.”

Gari lilipotoka uani, aliingia ndani akayatoa magurudumu, moja baada ya jingine. Aliegemeza kila moja kwenye rundo lake la matofali, mawili mbele na mawili nyuma, kisha akarudi kwenye mchele.